Ndoa, Mwili na Maisha Baada ya Mionzi: Kinachostahili Kutafitiwa Kitale na Bungoma

Mwanamke wa Kiminini au Kimilili anayepelekwa kutibiwa saratani ya mlango wa uzazi kwa mionzi huelezwa mambo mengi kabla hajaanza. Huelezwa kwamba atapigwa mionzi siku tano kwa juma, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa takriban majuma matano, na kwamba mara moja kwa juma atatundikiwa dawa ya sisplatini. Mwishoni atawekewa mionzi ya ndani, kifaa kikipitishwa ukeni hadi kwenye uvimbe wenyewe. Ataharisha, atachoka, atasikia moto akienda haja ndogo. Kazi yote isizidi majuma manane, maana matibabu yakikokota, saratani hupata nafasi ya kujijenga upya. Kuna jambo moja ambalo mara nyingi haelezwi, na mwenyewe haulizi: atalala vipi na mumewe akirudi nyumbani.

Uchambuzi huu unahusu jambo hilo. Nashikilia kwamba tendo la ndoa baada ya mionzi ni sehemu ya matibabu, wala si anasa ya kungojewa hadi kila kaunti ipate mashine. Nashikilia pia kwamba ni lazima lichunguzwe hapa hapa, katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, kwa sababu majibu ya tafiti za Denmark na Uholanzi hayawezi kueleza peke yake yanayompata mke aliyeolewa kwenye kipande cha shamba la babamkwe. Na yeyote anayekuja kuuliza asije mikono mitupu.

Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani nchini Kenya kuwa 42,116. Kati yao, 5,236 walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa uzazi, na waliokadiriwa kufa kwa saratani hiyo mwaka huo walikuwa 3,211. Tukisoma tarakimu hizi macho yetu husimama kwenye vifo, na ni haki yasimame hapo. Lakini wapo wanaopona, na wapo wanaoishi na ugonjwa kwa miaka. Chanjo ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani hii, iliyoanza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, itawafaa wanawake wa kesho. Mama aliye na miaka 45 leo haimhusu. Kwa kuwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa pembeni mwa kizazi, wakati wa upasuaji huwa umepita, na mionzi pamoja na dawa ndiyo tiba inayobaki. Kwa hiyo tukisema mgonjwa wa saratani hii amepona katika eneo letu, mara nyingi tunamzungumzia mtu aliyepitia mionzi ya nyonga.

Mashine ya mionzi haiko Kitale wala Bungoma. Kwa miongo mingi safari ilikuwa ya Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba ugonjwa wa baadhi ya watu ulibadilika hatua wakiwa wanangoja. Siku hizi mionzi inapatikana Eldoret, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pale mjini, yenye kituo cha saratani cha Chandaria, ndiyo inayopokea wagonjwa wengi wa magharibi na kaskazini mwa Bonde la Ufa. Kutoka Kitale ni kilomita 70 hivi. Kutoka Bungoma, kupitia Webuye na Turbo, ni mbali zaidi. Anayeharisha na kutapika hawezi kukaa kwenye matatu mwendo huo kila siku kwa majuma matano. Atatafuta jamaa wa kumpa kitanda Eldoret au atapanga chumba, na mume atabaki na watoto, ng'ombe na mahindi. Utengano wa wanandoa huanza hapo, kabla kovu la mionzi halijaanza kujikunja.

Tuje kwenye mwili wenyewe. Mionzi ya nyonga haigusi seli za saratani pekee. Kipimo cha kawaida cha mionzi ya nje ni grei 45 hadi 50, kikigawanywa mara 25 au karibu na hapo, na ovari hazihimili hata sehemu ndogo yake. Mwanamke wa miaka 36 aliyekuwa akiona hedhi kila mwezi huikosa baada ya muda mfupi. Joto linalopanda ghafla, jasho la usiku, usingizi kukatika, ukavu wa uke, mambo ambayo mamake aliyapata polepole akikaribia miaka 50, humvamia yote kwa pamoja. Uwezo wa kuzaa umekwisha. Kuta za uke hukonda na kupoteza unyevu, mishipa midogo ya damu huziba, nyama laini hugeuka kovu. Miezi ikipita, uke unaweza kufupika na kubana, na pengine kuta zake zikashikana. Wachache hupata tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya njia ya haja kubwa na uke, wakaanza kuvuja. Eldoret ina wataalamu wa fistula, Hospitali ya Gynocare ikiwa mojawapo ya mahali panapojulikana kwa kuwatibu akina mama walioumia wakati wa kujifungua, lakini fistula ya mionzi ni ngumu zaidi kushona kwa sababu nyama inayoizunguka imekosa damu ya kutosha kuiponya.

Hapa kuna hoja inayosahaulika. Mara nyingi mjane, au mama aliyekwisha kuachana na mambo ya kitandani, haulizwi lolote kuhusu uke wake, kana kwamba haumhusu tena. Lakini daktari anayetaka kujua kama saratani imerudi anahitaji kuona na kugusa pale ilipokuwa. Uke ukiwa umefungika, uchunguzi huwa mateso au haufanyiki kabisa, na mgonjwa aliyeumizwa mara moja huacha kuja. Suala la tendo la ndoa na suala la kuokoa maisha yanakutana mahali pamoja.

Mengi ya madhara haya yanaweza kupunguzwa. Kwa kawaida, kama majuma manne baada ya mionzi kwisha, mwanamke hufundishwa kutumia kijiti laini cha kupanua uke, mara mbili au tatu kwa juma, ili kuta zisishikane. Ipo jeli ya maji ya kulainisha. Ipo krimu ya estrojeni ya kupaka. Kwa saratani nyingi za mlango wa uzazi, ambazo hazilishwi na estrojeni kama zilivyo nyingi za matiti, daktari anaweza hata kumwandikia mwanamke ambaye hedhi yake imekatika mapema homoni za kurudishia. Hivi havihitaji mashine ya mamilioni. Vinahitaji mtu wa kueleza, na duka la dawa lililo navyo. Asipoelezwa, mwanamke atatumia mafuta ya mgando yaliyoko nyumbani, na mafuta hayo huozesha mpira wa kondomu. Wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi hupata saratani ya mlango wa uzazi kwa kiwango cha takriban mara sita ya wengine. Kwao, na kwa waume zao, kondomu iliyopasuka si jambo dogo.

Kwa wanaume mwendo ni tofauti. Saratani ya tezi dume huwapata zaidi ya Wakenya 3,000 kwa mwaka, na mionzi yake hudhuru mishipa ya damu na neva zinazosimamisha uume. Madhara hayaji kwa siku moja kama baada ya kisu. Hutambaa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi mume anajiona amezeeka tu na hahusishi hali yake na tiba. Wengi huwa wamepewa pia dawa za kuzima homoni ya kiume, au wametolewa korodani kwa kuwa hiyo ni njia ya bei nafuu ya kuizima, na hapo hata hamu huondoka. Mtafiti asiyetenganisha mambo haya mawili ataibebesha mionzi lawama isiyo yake. Nimeona pia kwamba nguvu za kiume zina masoko yao: mizizi, unga, na vidonge vinavyouzwa stendi. Mgonjwa wa moyo anayemeza kidonge cha aina hiyo juu ya dawa zake za nitreti anaweza kufa kwa kuporomoka kwa shinikizo la damu. Daktari asipofungua mazungumzo, muuzaji wa stendi atayafungua.

Kuhusu saratani nyingine nitasema machache. Koo na umio, zinazotusumbua sana upande huu wa nchi, hutibiwa kwa mionzi mbali na nyonga, lakini kinywa kinachokauka, sauti inayokatika na mwili uliokonda hubadilisha ukaribu wa watu wawili. Titi lililotolewa na kifua kilichoungua hufanya vivyo hivyo. Na wako wanaopewa mionzi michache tu ya kuzuia damu na harufu, bila matumaini ya kupona. Hao nao wana waume, wana wake, na wana haki ya kuulizwa wanataka nini katika muda waliobakiwa nao.

Dunia imepima nini hadi sasa? Nchini Denmark, watafiti waliwafuatilia wanawake 118 waliopata mionzi kwa saratani ya mlango wa uzazi na ambao ugonjwa haukurudi, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Katika miaka miwili ya ufuatiliaji, asilimia 85 walikuwa na hamu ndogo au hawakuwa nayo kabisa, na asilimia 55 walisikia maumivu, madogo au makali, wakati wa tendo. Hata hivyo, kati ya waliokuwa wakishiriki tendo kabla ya ugonjwa, asilimia 63 waliendelea, ingawa kwa nadra zaidi. Tarakimu hizi zikisomwa pamoja zinasema jambo zito: wapo wanawake wengi wanaoendelea bila hamu na kwa maumivu. Katika jamii ambako mke huogopa kuletewa mke mwenza, au kuambiwa arudi kwao, ningetarajia idadi ya wanaovumilia iwe kubwa zaidi. Hayo ni matarajio yangu tu, na ndiyo sababu nataka yapimwe.

Kwa wanaume, jaribio la Uingereza liitwalo ProtecT liliwagawa wagonjwa 1,643 wa tezi dume kwa bahati nasibu katika makundi matatu, na mwaka 2016 likatoa majibu ya wagonjwa wenyewe. Kabla ya tiba, 67 kati ya kila 100 waliweza kusimamisha uume kiasi cha kufanya tendo. Baada ya miezi sita, waliopata mionzi pamoja na dawa za homoni walibaki 22, waliopasuliwa 12, na waliofuatiliwa bila tiba ya haraka 52. Kundi la mionzi lilipata nafuu kiasi baadaye, kisha likaanza kushuka tena. Mwanamume wa Chwele anayetakiwa kuchagua kati ya kisu na mionzi anastahili kuelezwa hivyo, kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia sahihi.

Utafiti wa tatu unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Uholanzi ilifanya jaribio la SPARC kwa wanawake 229 waliopata mionzi kwa saratani za uzazi. Nusu yao walipata vikao maalumu na muuguzi aliyefunzwa mambo ya tendo la ndoa, mwenza akialikwa. Wengine walipata huduma ya kawaida. Matokeo ya mwaka 2024 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Wote walipata nafuu kadiri muda ulivyopita. Mtu mwepesi wa kuhitimisha atasema basi vikao havina kazi. Mimi nasoma vingine. Huduma ya kawaida ya Uholanzi tayari ina maelezo, vijiti na ufuatiliaji. Kilichopimwa ni nyongeza juu ya kitu kilichopo. Mahali ambapo hakuna cha kuongezea, swali ni jingine kabisa: huduma ya kwanza, ile ya msingi, inabadilisha nini? Hilo linaweza kujibiwa vizuri zaidi Kitale na Bungoma kuliko Ulaya.

Vifaa vya kupimia tunavyo, ila vinataka kunyooshwa. Dodoso la Ulaya la ubora wa maisha, QLQ-C30, lenye maswali 30, limetumika duniani kote na lina tafsiri ya Kiswahili. Lakini swali lake la kwanza hupima nguvu za mwili kwa mfano wa kubeba mfuko mzito wa ununuzi au sanduku la safari. Mama wa Ndalu hupima nguvu zake kwa mtungi wa lita 20 na kwa palizi. Nyongeza yake ya mlango wa uzazi, yenye maswali 24, ina sehemu ya tendo la ndoa ambayo hujibiwa tu na aliyelifanya katika majuma manne yaliyopita. Kipimo kingine, FSFI, chenye maswali 19, nacho huangalia majuma manne, na asiyeshiriki huangukia alama za chini hata kama hana tatizo lolote mwilini. Sasa mfikirie mwanamke ambaye mume ni mlinzi Nairobi na huja Krismasi na Agosti. Mfikirie mke wa kwanza ambaye mume amehamia nyumba ya pili, na mjane wa miaka 50. Wote watatu watahesabiwa kundi moja na yule aliyeacha kwa sababu ya maumivu. Kabla ya kupima kiwango cha tendo, ulizeni kwanza kwa nini halipo, na acheni nafasi ya jibu lisilo kwenye karatasi.

Nani aulize? Hili ndilo linaloamua kama majibu yatakuwa ya kweli. Mzee wa Kibukusu wa rika la Maina hatamweleza kijana wa rika la Kikwameti habari za uume wake, na akilazimishwa atajibu "niko sawa" apate kwenda zake. Mama mtu mzima hatazungumza mbele ya mwanamume anayeweza kuwa mkwewe. Trans Nzoia ina ugumu wa ziada, kwa sababu mashamba ya walowezi yaligawiwa watu wa kila upande: Wabukusu, Wasabaoti, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu, Wanandi. Kiswahili huwakutanisha sokoni, ila si kila bibi wa Endebess anaweza kueleza maumivu ya ukeni kwa Kiswahili. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya mwaka 2023 wakiwa 100,000 nchini kote, wanaweza kumkumbusha mgonjwa tarehe ya kliniki na kumfikisha kituoni. Maswali ya chumbani wasiyaulize. Mhamasishaji ni jirani, mara nyingine ni shemeji, na siri ya mgonjwa haipaswi kulala kwenye boma la pili. Maswali hayo yaulizwe na muuguzi wa jinsia ile ile, mwenye umri, asiyetoka kijiji hicho, ndani ya chumba chenye mlango unaofungwa.

Wapo wanaosema watu wetu hawazungumzi mambo haya. Historia ya eneo hili inawakanusha. AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na vyuo vya ng'ambo kikiwemo cha Indiana, ulianza mpango wake wa Ukimwi mwaka 2001, wakati ugonjwa huo ulikuwa ukinong'onwa tu. Miaka michache baadaye washauri wake walipita mlango kwa mlango, Webuye na viunga vyake, wakiwapima watu nyumbani mwao. Wengi mno walikubali. Walizungumza kuhusu wapenzi, kondomu na wake wengi, kwa sababu nyuma ya swali palikuwa na dawa. Webuye hiyo hiyo ina eneo la ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu linaloendeshwa na watafiti wa Moi. Na Trans Nzoia ndiko kulikofanyiwa jaribio la Chama cha MamaToto, mpango ulioanzia magharibi mwa Kenya mwaka 2012, ambamo wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga hukutana, huweka akiba na kujifunza afya wakiongozwa na wahudumu wa jamii. Wanawake wa kaunti hizi wameonyesha mara nyingi kwamba husema wakiona faida ya kusema. Kikundi cha waliomaliza mionzi, kikikutana siku ya kliniki na kuendeshwa na muuguzi, kingekuwa mwendelezo wa kitu wanachokijua.

Mume asiachwe nje. Kuna hofu mbili zinazovunja nyumba. Ya kwanza ni kwamba mke amebaki na mionzi mwilini na atamuunguza. Mionzi ya nje hupita na kwisha. Ya ndani, kwa mashine zinazotumiwa siku hizi, chanzo chake hutolewa kikao kinapomalizika. Hakuna kinachobaki cha kumdhuru mume wala mtoto. Ya pili ni kwamba saratani huambukizwa kitandani. Saratani haiambukizwi. Kirusi cha HPV ndicho huambukizwa, na kwa kuwa karibu kila mtu aliyewahi kufanya tendo hukutana nacho, na kinaweza kujificha miaka mingi, hakuna daktari anayeweza kusema nani alimletea nani. Jambo hili laelezwa vizuri zaidi kwa wanandoa wakiwa pamoja. Kuhojiwa ni tofauti: kila mmoja ahojiwe peke yake, majibu ya mmoja yasimfikie mwenzake. Mke anayefichua kwamba analazimishwa anaweza kupigwa usiku ule ule. Mtafiti ambaye hajapanga afanye nini akisikia hivyo hayuko tayari kuanza.

Nataka watafiti wapime pia ardhi. Ni jambo lisiloingia kwenye dodoso lolote la Ulaya, lakini huku ubora wa maisha ya mwanamke hushikamana na mahali anapolima. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inamtambua mke na mchango wake, hata ule usio wa pesa. Kijijini, mke asiyeweza tena kuzaa wala kulala na mume anaweza kujikuta analima pembeni, kisha halimi kabisa. Ulizeni baada ya mwaka: bado unaishi nyumba ile? Bado una sehemu yako ya shamba? Nani huvuna? Majibu hayo yatatueleza kuhusu mionzi mambo ambayo kipimo cha ukavu hakiwezi kueleza.

Utafiti wenyewe uanze kabla ya mionzi. Ukimkuta mgonjwa mwaka mmoja baadaye hujui kama maumivu yalikuwepo tangu awali, kwa kuwa saratani yenyewe hutoa damu na kuumiza wakati wa tendo. Hali yake iandikwe kabla, kisha mwezi wa tatu, wa sita, wa 12, wa 24. Walio hai na wenye nafuu ndio hurudi kliniki. Waliokufa, waliofukuzwa na waliokosa nauli hawaonekani, na ripoti inayowahesabu waliorudi pekee itapaka hali rangi nzuri isiyo yake. Kwa sababu hiyo ziara za ufuatiliaji zisiwe Eldoret tu. Hospitali za rufaa za Kitale na Bungoma, na ile ya Webuye, zinaweza kumpima na kumhoji mgonjwa aliyetibiwa Eldoret, akarudi kwake mchana ule ule. Nauli ilipwe. Wawepo wa kulinganisha nao: wanawake wa umri huo wasio na saratani, na wenye virusi vya Ukimwi wasio na saratani, maana ukavu na hamu kupungua havitokani na mionzi peke yake.

Taratibu za ruhusa zipo: kamati ya maadili ya utafiti ya Moi na hospitali ya rufaa, kisha kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka hali ya afya, ndoa na habari za familia katika fungu la taarifa nyeti. Kwa hiyo jina la mgonjwa lisikae kwenye karatasi moja na majibu yake, na simu isipigwe kwenye nambari ambayo mume ndiye huishika. Ningeomba kamati hizo ziongeze sharti moja kwa kila anayetaka kuuliza mambo haya, awe profesa kutoka ng'ambo au mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Kibabii au cha Masinde Muliro: aonyeshe atampa nini mgonjwa atakayesema ana shida. Jeli, kijiti, krimu, muuguzi wa kumrudia, na jina la daktari atakayempokea. Asiyeweza kuonyesha hayo arudishwe akajipange. Kumfanya mama afungue aibu yake kisha kumwacha na karatasi ya idhini mkononi ni kumdhulumu.

Gharama si kisingizio. Hazina mpya ya afya ya jamii ilipoanza Oktoba 2024 ilitengea matibabu ya saratani shilingi 400,000 kwa kila kaya kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu na ya dharura. Fedha hizo huliwa haraka na vikao, dawa na picha. Jeli, vijiti na saa moja ya muuguzi ni sehemu ndogo mno ya hesabu hiyo, na viwekwe wazi kwenye orodha ya huduma. Vyuo vya mafunzo ya utabibu, KMTC, vya Kitale na Webuye, vinavyofundisha wauguzi wetu, vinaweza kuingiza mazungumzo haya katika mafunzo bila kungoja matokeo ya jaribio lolote.

Na wewe uliyemaliza mionzi, au unayeishi na aliyeimaliza: siku ya kliniki mwambie sista au daktari kwamba una swali la faragha, na uliulize. Damu nyingi, maumivu yanayozidi, mkojo au haja inayovuja ukeni, hayo usiyangojee tarehe. Nenda hospitali ya kaunti mara moja. Ukavu, maumivu ya tendo, uume usiosimama na hamu iliyopotea vina msaada, na una haki ya kuupata.